Kutoka Mbeya hadi Songea: nani alikuwa mezani amani ilipofanywa

Simulizi hii nimeiandaa baada ya kurudi nyumbani, kwa msaada wa daftari nililokuwa nikiandikia ndani ya basi na picha za simu. Ninafundisha Historia na Uraia katika sekondari moja ya Mbeya, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya utatuzi wa migogoro wanafunzi huniuliza jambo lilelile: vita vikiisha, nani huamua kwamba vimeisha, na waliofiwa huambiwa nini? Vitabu vyetu vinasimulia vita kwa kurasa nyingi, kisha amani inapewa sentensi moja. Nikaomba ruhusa ya wiki moja ili niende mahali ambapo vita vya nyanda zetu za juu vilimalizwa, nikiwa na lengo la kufika Songea kwenye kumbukumbu ya mashujaa wa Vita vya Majimaji, Februari 27.

Jumapili, Februari 23, 2025: Mbeya hadi Iringa

Basi liliondoka Mbeya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauli ilikuwa shilingi 22,000, nami nilikuwa nimelipia kwa simu tangu jana yake. Uyole, Igurusi na Chimala tulizipita bila jambo la kusimulia. Tulipoivuka Igawa tulikuta foleni ndefu ya malori, kwa sababu lori moja lilikuwa limelala ubavu katikati ya barabara, na hapo tulikaa zaidi ya saa mbili huku mvua ikinyesha. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alifungua ndoo yake ya viazi vya kuchemsha akavigawa kwa majirani wote wa viti, na alipoona nasita akasema, "Kula, mwalimu, njaa ya barabarani haina mwenyewe." Sikumbuki nilimwambia saa ngapi kwamba ni mwalimu.

Mvua ilipopungua tulishuka kunyoosha miguu. Dereva wa lori lililokuwa mbele yetu alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi aliyetoka Dar es Salaam na mzigo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kwao, chenye maneno ya Kifaransa ndani yake. Alikuwa akisikiliza habari za Goma, mji wa mashariki mwa Kongo ulioangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, na za Bukavu, uliofuata katikati ya Februari. Shemeji yake aliishi Goma na simu yake ilikuwa haipatikani kwa siku kadhaa. Nilimwuliza kama anaona mkutano wa marais wa Afrika Mashariki na wa SADC, uliofanyika Dar es Salaam Februari 8, utaleta nafuu. Akanijibu kwa upole: "Kaka, hawa watu jina lao lenyewe ni la mkataba."

Ni kweli, na nimelifikiria jibu hilo njia nzima. M23 ni kifupi cha Machi 23, 2009, siku ambayo serikali ya Kongo ilitia saini makubaliano na waasi wa CNDP, wapiganaji wakaingizwa jeshini na kikundi kikawa chama cha siasa. Mwaka 2012 baadhi ya wanajeshi hao waliasi wakidai kwamba makubaliano yale hayakutekelezwa, wakachukua jina la tarehe hiyo, na Novemba mwaka huohuo wakaingia Goma kwa mara ya kwanza. Mkataba uliowapa vyeo wenye bunduki, na kuacha masuala ya ardhi, uraia na wakimbizi yakining'inia, uligeuka kuwa bendera ya vita vilivyofuata.

Tulifika Iringa jioni. Basi linashusha stendi ya Igumbilo, nje ya mji, hivyo msafiri atenge fedha ya bajaji au daladala ya kupandia mjini. Gesti yangu ilikuwa ya shilingi 25,000, safi, yenye maji ya moto, na mwezi Februari usiku wa Iringa unayahitaji.

Jumatatu, Februari 24: Kalenga

Kalenga iko kilomita 15 hivi kutoka mjini, katika barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha. Daladala hujaza polepole, kwa hiyo anayetaka kuwahi aondoke mapema. Beba noti ndogo kwa ajili ya kiingilio cha makumbusho, kwa maana chenji ni ya shida.

Hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, ambaye Agosti 17, 1891 jeshi lake liliwavizia Wajerumani kule Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski, pamoja na sehemu kubwa ya askari wake. Wajerumani walirudi wakiwa na mizinga na kuiteka ngome Oktoba 30, 1894. Mkwawa aliponyoka, akapigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Hayo wanafunzi wangu wanayajua. Wasichokijua, na mimi nilikuwa nimekipita haraka kila mwaka, ni kile Wajerumani walichokiita kutuliza nchi wakati Mtwa akiwa bado porini.

Kwanza waliigawa Uhehe. Merere, mtawala wa Wasangu ambaye watu wake walikuwa wamefukuzwa na Wahehe katika vita vya zamani, alirudishwa katika ardhi yake ya Usangu kama rafiki wa serikali mpya. Kisha, Desemba 1896, Tom von Prince, kamanda wa Iringa, alimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa mwenyewe, awe mtawala wa Wahehe. Hesabu ya kisiasa ilikuwa rahisi kueleweka: wape watu mtawala wa ukoo uleule, nao wataacha kumlisha yule aliyeko msituni. Februari 1897 Prince huyohuyo alimnyonga Mpangile, akimshuku kwamba anamsaidia kaka yake kwa siri.

Mwongoza wageni, kijana aliyesimulia kwa utulivu mkubwa, alisita alipofika kwa Mpangile. Nilimwuliza kama watu wa Kalenga wanamhesabu kuwa msaliti au shujaa. Alisema wazee hawakubaliani, na kwamba wageni wengi hawamwulizi kabisa. Mimi naona Mpangile ndiye anayestahili kipindi kizima cha darasani. Kila amani iliyopangwa na mshindi peke yake inamhitaji mtu wa namna yake, mwenye damu ya walioshindwa na ruhusa ya walioshinda, na mtu huyo hawezi kuwaridhisha wote wawili. Alitawala kwa wiki chache tu. Watu wake hawakuulizwa aliposimikwa, na hawakuulizwa aliponyongwa.

Ndani ya chumba cha makumbusho lipo fuvu la Mkwawa katika sanduku la kioo. Nilisimama hapo muda mrefu. Habari zake nitazieleza kesho yake, kwa sababu zinaanzia mahali pengine.

Mchana nilikula ugali na maharage kwa mama lishe mmoja karibu na barabara, shilingi 2,500 pamoja na mboga za majani. Jioni, redio ya gesti ilitangaza kwamba jumuiya mbili za kikanda zimewateua Uhuru Kenyatta, Olusegun Obasanjo na Hailemariam Desalegn kuongoza mazungumzo ya Kongo. Nikamkumbuka dereva wa Lubumbashi.

Jumanne, Februari 25: Mlambalasi

Mlambalasi ni mbele zaidi katika barabara hiyohiyo, takriban kilomita 50 kutoka Iringa, kisha unaiacha barabara na kuingia porini. Nilikodi bodaboda kwa shilingi 45,000 kwenda na kurudi, bei ambayo ingeweza kushuka kama tungekuwa wawili kwenye gari dogo. Wakati wa mvua usiende na viatu vya ngozi, na usitegemee mtandao wa simu ukishaacha barabara kuu.

Pikipiki ilizama kwenye tope kabla hatujafika. Wanaume wawili waliokuwa wakipalilia mahindi waliacha majembe yao, wakaiinua pamoja nasi, wakakataa fedha. Mmoja wao, mzee mwenye umri wa baba yangu, alisema atatusindikiza hadi kaburini kwa sababu "mgeni haendi kwa Mtwa peke yake." Nilimwamkia kwa Kihehe nilichokuwa nimefundishwa Kalenga, *kamwene*, naye akaitikia kwa furaha kubwa kuliko ustahili wa matamshi yangu.

Mkwawa alijipiga risasi hapa Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa. Wajerumani walikuwa wametangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Kiwiliwili kimezikwa hapa, chini ya miamba mikubwa, na kichwa kiko Kalenga.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika ibara yake ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Maneno yale tuyasome polepole: kwa serikali ya Uingereza. Mjini Versailles hapakuwa na Mhehe. Ombi lilitoka kwa watawala wapya wa Tanganyika, waliotaka kuwatuza Wahehe kwa msaada wao vitani na kuonyesha kwamba enzi ya Wajerumani imekwisha. Miezi sita ilipita, ikapita na miaka zaidi ya 30. Mwaka 1953 gavana Edward Twining alilitafuta fuvu hilo katika mkusanyiko wa makumbusho ya Bremen, na Juni 19, 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, mbele ya umati uliokusanyika Kalenga.

Wakati huo Kenya ilikuwa katika vita vya Mau Mau, na siku 18 baada ya makabidhiano yale TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Ninaamini gavana aliyajua mazingira yake vizuri na alihitaji uaminifu wa Wahehe. Nilimwambia mzee hivyo. Hakubisha. Alisema babu yake alikuwepo Kalenga siku ile, na alirudi nyumbani akisema, "Amerudi," wala hakutaja gavana. Nimeyaandika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu yamenisahihishia hukumu yangu. Tendo la maridhiano linaweza kuanzishwa na mkubwa kwa faida yake, na bado likamfikia mtu wa chini kama haki yake. Adam Sapi mwenyewe baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi huru kwa miaka mingi, kiti ambacho Twining hakuwa amemwandalia.

Jumatano, Februari 26: Lugalo, kisha Njombe

Asubuhi nilifika Lugalo, upande wa barabara ya Morogoro, kuona mnara ambao Wajerumani waliwajengea watu wao waliouawa mwaka 1891. Mjini Iringa upo mnara mwingine, wa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Majimaji, na kando ya mji yapo makaburi ya askari wa vita vya dunia, yanayotunzwa vizuri sana. Ukizunguka yote katika siku moja utaona ni wafu gani walipewa jina moja moja na ni wepi walitajwa kwa ujumla.

Mchana nilipanda basi la Njombe. Jirani yangu wa kiti alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyekuwa Kongo mwaka 2013, katika brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ile iliyosaidia kuwashinda M23 mwezi Novemba mwaka huo. Alizungumza kwa sauti ya chini kuhusu wenzake, na kuhusu shambulio la Desemba 2017 karibu na mto Semuliki lililoua zaidi ya Watanzania 10. "Sisi tulimaliza kazi yetu," alisema. "Waliotakiwa kuja baada yetu na majembe na mahakama hawakuja." Nilimwuliza kama bado ana imani na mazungumzo. Alinijibu kwa mfano wa Burundi, na hapo tulizungumza hadi Makambako.

Mazungumzo ya Burundi yaliongozwa na Mwalimu Nyerere kule Arusha kuanzia mwaka 1998, na alipofariki Oktoba 1999 yakachukuliwa na Nelson Mandela hadi mkataba ulipotiwa saini Agosti 28, 2000. Mkataba ule ulikuwa na mambo mazito: jeshi la nusu kwa nusu baina ya Wahutu na Watutsi, mgawanyo wa madaraka serikalini, na tume ya ukweli na maridhiano. Lakini vikundi viwili vilivyokuwa vikipigana kwa nguvu zaidi, CNDD-FDD na FNL, havikutia saini, na vita viliendelea. CNDD-FDD waliingia katika makubaliano Novemba 2003, jijini Dar es Salaam, na FNL wakachelewa miaka kadhaa zaidi. Tume ya ukweli iliundwa mwaka 2014. Mstaafu alisema mgawanyo wa jeshi ulifanikiwa kwa sababu uliandikwa kwa tarakimu, na ukweli ulichelewa kwa sababu uliandikwa kwa ahadi. Mimi ningeongeza kwamba wenye bunduki walikuwa na njia ya kurudi mezani, nao wajane hawakuwa nayo.

Njombe nililala tu. Ni baridi, parachichi ni tele na bei nafuu, na mwenye kupita ajiandae kwa sweta hata kama Mbeya ameizoea.

Alhamisi, Februari 27: Njombe hadi Songea

Nilipanga kufika kabla ya saa tano. Basi liliharibika baada ya Madaba, tukangoja fundi kwa saa nyingi, tukanunua mahindi ya kuchoma kwa watoto wa kijiji cha jirani. Kondakta alirudisha nauli kwa waliotaka kupanda magari mengine. Kijana mmoja wa pikapu alinichukua mimi na bibi mwenye mjukuu bila kudai chochote. Nilipoingia uwanja wa makumbusho ya Majimaji, mtaa wa Mahenge, ilikuwa jioni na vijana walikuwa wakipakia viti kwenye lori. Watu wa mwisho wa ngoma walikuwa bado na njuga miguuni.

Kwa atakayekwenda: shughuli za kumbukumbu hufanyika mwishoni mwa Februari kila mwaka, na gesti za mjini hujaa. Mimi nilipata chumba katika nyumba ya tatu niliyobisha, kwa shilingi 30,000.

Ijumaa, Februari 28: Songea

Nilirudi asubuhi, watu wakiwa wachache. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa wapiganaji 67 wa Kingoni, akiwemo Nkosi (yaani mtawala) Mputa Gama. Nduna (yaani jemadari) Songea Mbano, ambaye mji unabeba jina lake, alinyongwa siku chache baadaye na ana kaburi lake peke yake. Wengine wako katika kaburi la pamoja. Baadhi yao walibatizwa na padri wa Kibenediktini kabla ya kupelekwa kwenye kitanzi, wakati misheni ya wapadri hao kule Peramiho ilikuwa imechomwa moto na wapiganaji miezi michache kabla. Sijui namna ya kuyafundisha mambo hayo mawili bila kuyafundisha pamoja.

Baada ya vitanzi ikaja njaa, na njaa hiyo ilikuwa sera. Chini ya gavana von Götzen jeshi lilichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri, na makadirio ya waliokufa katika Vita vya Majimaji yanafika 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Vita vilihesabiwa kuwa vimekwisha mwaka 1907. Gavana aliyefuata, von Rechenberg, alilegeza mambo kadhaa na kutaka Waafrika walime mazao ya biashara kwa faida yao, na historia nyingi humsifu kwa hilo. Nakubali kwamba alikuwa afadhali. Lakini hakuna aliyekaa na wanawake wa Ungoni kuwauliza mbegu ziko wapi.

Mtumishi wa makumbusho, mama wa makamo aliyeniita "mwanangu" tangu nilipomwamkia shikamoo, alinionyesha mahali aliposimama Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, Novemba 1, 2023, alipoomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyatenda na kukutana na uzao wa Nduna Songea. Familia inaamini kwamba kichwa cha Nduna kilipelekwa Ujerumani, na rais huyo aliahidi kwamba nchi yake itasaidia kukitafuta. Nilimwuliza mama watu walilipokeaje neno lile. Alisema wapo waliolia, na wapo waliouliza papo hapo kuhusu fidia, na kwamba watu wale wawili mara nyingine ni mtu mmoja.

Nilikaa naye zaidi ya saa moja. Alieleza kwamba wajukuu wanataka mambo yanayotajika: mabaki yarudi, majina yote yasomwe kwa usahihi kila mwaka, na wazungumzaji wasiwe viongozi peke yao. Msamaha ulitolewa baada ya miaka 117, na aliyeutoa alikuwa na ujasiri ambao waliomtangulia hawakuwa nao; ninamheshimu kwa hilo. Ila fidia haikutajwa kama ahadi, na mazungumzo kati ya serikali mbili yanaweza kuirudia njia ya Versailles, kwamba dola zinakabidhiana na ukoo unapewa kiti cha mbele siku ya sherehe. Mama alisema wao wameomba wawemo tangu vikao vya mwanzo. Hilo ndilo ningependa wasikilizwe.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali na samaki wa Ziwa Nyasa, shilingi 6,000, katika mgahawa nilioelekezwa naye.

Jumamosi, Machi 1: kurudi

Songea hadi Makambako, kisha Mbeya, safari ya kutwa nzima na isiyo na tukio. Mabasi ya moja kwa moja huondoka alfajiri. Ukichelewa utabadilisha gari Njombe au Makambako.

Wiki iliyofuata niliwapa Kidato cha Tatu kazi. Nusu ya darasa waliandika kikao cha kumsimika Mpangile, wakiweka mezani kila aliyepaswa kuwepo, na nusu nyingine waliandika kikao cha Kongo chini ya wasuluhishi watatu. Kundi la kwanza liliwaita wazee, wanawake waliokuwa wakipeleka chakula msituni, na mjumbe wa Mkwawa. Kundi la pili liligombana kuhusu kama M23 wakae meza moja na wakimbizi wa Goma, na kipindi kikaisha kabla hawajakubaliana. Wameomba tuendelee Jumatatu, na nimewatafutia ramani ya Kivu.